Nywele za kipilipili na maji ya kisima: mwongozo kamili wa kutunza nywele za asili ukiwa Lamu

Wengi wanaokuja kusukwa kwangu Langoni huanza na kauli moja: "Nywele zangu hazikui." Zinakua. Kichwa chenye afya hakiachi kuotesha nywele, na hizi zetu za kipilipili huongezeka pungufu kidogo ya sentimita 1 kila mwezi, kiasi cha sentimita 9 kwa mwaka. Zinaota polepole kuliko za singa, lakini zinaota. Tatizo liko nchani, ambako zinakatika kwa kasi ileile zinayoota shinani. Ukiona mwaka umepita na nywele zako zipo palepale shingoni, usitafute dawa ya kuotesha. Tafuta kinachozikata.

Hapa Lamu kinachozikata mara nyingi ni maji ya chumvi, nywele mbichi zinazofungiwa ndani ya mtandio, misuko iliyokazwa na dawa ya kulainisha. Nimeyataja kwa uzito wake, kwa jinsi ninavyoyaona kwenye vichwa vinavyopita mikononi mwangu. Nimeandika kwa ajili ya mwanamke anayetaka kuishi na nywele zake zilivyo, kwa vitu vinavyopatikana sokoni kwetu na kwa maji yanayotoka kwenye visima vyetu.

Hatua ya 1: Zijue nywele zako kabla hujanunua kitu

Chukua unywele uliobaki kwenye chanuo, uweke juu ya karatasi nyeupe. Utauona umejikunja mara nyingi. Kila unapojikunja ndipo unapokuwa dhaifu, na ndipo unapokatikia. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, lakini mafuta hayo hayawezi kushuka kwenye mikunjo yote hiyo mpaka nchani. Ndiyo maana shina linaweza kung'aa na ncha ikawa kavu kabisa. Mwenye nywele za singa mafuta yake hushuka yenyewe. Wewe itabidi uyafikishe kwa mkono.

Mikunjo hiyohiyo huficha urefu. Nywele za kufika begani zikinyooshwa zinaweza kurudi mpaka sikioni zikikauka, na hapo mtu huamini hana nywele. Ukitaka kujua kweli zimefika wapi, vuta kishungi kimoja nyuma ya sikio, pima kwa futi ya fundi cherehani, andika. Rudia baada ya miezi mitatu, palepale.

Jambo la pili la kujua ni namna nywele zako zinavyopokea maji. Zikiwa safi na hazina mafuta, zinyunyizie maji kidogo. Matone yakikaa juu kwa muda bila kuzama, nywele zako ni nzito kupokea maji: tumia maji ya vuguvugu unapoosha, na mafuta mepesi. Maji yakizama mara moja na nywele zikakauka upesi, huwa zimeshachoshwa na dawa, rangi au joto, nazo zinahitaji mafuta mazito zaidi ya kufungia maji ndani. Kuhusu zile namba na herufi za aina za mikunjo zinazozungumzwa mitandaoni, usijisumbue nazo. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina tatu, utosini hivi na kisogoni vile.

Hatua ya 2: Shughulikia maji

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo wengi tunapopaacha.

Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujwa na mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari. Kisima kikiwa karibu na bahari, au kikivutwa kupita kiasi wakati wa kaskazi, chumvi hupanda. Mbali na chumvi kuna chokaa. Utaijua kwa ishara za nyumbani: sabuni haitoi povu, kuna ukoko mweupe ndani ya sufuria ya kuchemshia chai, na ukishaosha nywele unazisikia zinakwaruza vidole hata kabla hazijakauka.

Chokaa hiyo hunata juu ya unywele, tabaka juu ya tabaka. Unywele uliovaa chokaa hauingiwi na maji vizuri wala mafuta. Unapaka na kupaka na bado ni mkavu. Sabuni ya kipande huzidisha. Sabuni ikikutana na chokaa hugeuka utando mweupe usioyeyuka, na utando huo hubaki kichwani. Wengi huuona wakadhani ni mba, wakaongeza sabuni. Kama unaoshea nywele sabuni ya kufulia au ya kuogea, hilo ndilo la kwanza kuacha, hata kabla ya kununua kitu kingine.

Suluhisho si lazima liwe la fedha. Wenzetu wa Pate, Siyu na Faza wana jabia, wanakinga mvua na kuitunza. Maji ya mvua hayana chokaa. Masika yakianza Aprili, kinga maji kutoka paa la mabati, baada ya kuacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai, hayo yaache. Tia kwenye pipa au madumu yenye vifuniko vinavyoziba sawasawa, maana maji yaliyo wazi huzalisha mbu. Huhitaji kuosha kichwa kizima kwa maji hayo. Osha kwa maji ya kisima kama kawaida, kisha lita 3 hadi 5 za maji ya mvua ziwe za kusuuzia mara ya mwisho, ukimimina kwa kata taratibu. Wakati wa kiangazi tumia maji matamu unayonunua ya kunywa, lita 2 zinatosha kwa nywele fupi.

Kama maji ni yale yale ya chumvi na huna mengine, tumia uchachu. Kijiko kimoja cha chakula cha siki katika nusu lita ya maji, au maji ya nusu ndimu katika lita moja, yachujwe kwa kitambaa yasibakie nyama wala mbegu. Mimina baada ya kuosha, acha dakika mbili, suuza. Uchachu hutoa chokaa na kuufanya unywele ulale. Usitie mwenye vidonda kichwani. Na usitoke juani na ndimu kwenye ngozi: ndimu ikikutana na jua kali huunguza, na alama yake nyeusi hukaa wiki nyingi. Suuza mpaka paji la uso na shingo.

Mara moja kwa mwezi, ukiweza, tumia shampuu iliyoandikwa EDTA kwenye orodha ya viungo vyake. Hiyo hushika chokaa na kuiondoa.

Kuna na majani ya mkunazi. Yakaushe kivulini, yatwange, uyachekeche, uyaloweke kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoe povu na utelezi, kisha uchuje. Yanaosha bila kukausha. Najua wapo wanaoyakimbia kwa kuwa ndiyo yanayoosheshwa maiti. Mimi nayaona kinyume chake: kilichochaguliwa kumsafisha mtu kwa upole katika josho lake la mwisho kinafaa kumsafisha akiwa hai.

Hatua ya 3: Amua kuhusu dawa

Dawa ya kulainisha hunyoosha nywele kwa kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake. Zile kali hufika 12 hadi 14 kwenye pH, kipimo cha uchachu na ukali wa kemikali, ilhali ngozi ya kichwa ni kama 5.5. Unywele uliovunjwa hivyo haurudi; hakuna mafuta wala tiba ya kuurudisha. Nywele za asili zitatoka upya kwenye ngozi, na zile za zamani zitakatwa, leo au kidogo kidogo.

Oktoba 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Miongoni mwa wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, makadirio ya wanaopata saratani ya mji wa mimba kabla ya miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyomletea mtu fulani maradhi, na idadi yenyewe bado ni ndogo. Lakini nikiwaona wasichana wa miaka 12 wakitiwa dawa kwa ajili ya harusi ya dada yao, siwezi kunyamaza.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kukata yote yenye dawa, ubaki na nywele mpya za sentimita mbili tatu. Ni njia safi, na kwa mwanamke wa huku ina wepesi wake: barabarani umejistiri kwa mtandio, hakuna anayejua, na nyumbani una miezi ya kuzizoea. Utasikia maneno ya mashangazi, "Mbona umejinyoa, umefiwa?" Jibu kwa adabu na uendelee. Njia ya pili ni kusubiri miezi 8 mpaka 12 huku unapunguza ncha kila baada ya wiki 6 hadi 8. Hapo ulinde mahali ambapo nywele mpya zinakutana na zile za dawa, maana ndipo panapokatika. Usichane zikiwa kavu, suka misokoto mikubwa milegevu, na usiweke pasi ya moto "kusawazisha". Nikiulizwa, nasema kata. Nimewaona wengi wanaosubiri wakichoka mwezi wa sita na kurudi kwenye dawa.

Hatua ya 4: Siku ya kuosha

Mara moja kwa wiki, au kila siku 10. Chagua siku ambayo unaweza kuanza asubuhi. Hewa ya kisiwani ina unyevu, nywele nene hazikauki upesi, na ukiosha jioni utalala nazo mbichi. Anayetaka kuwa tayari kwa Ijumaa aoshe Alhamisi mapema.

Usiku wa kabla yake, fumua na upake mafuta ya nazi kuanzia nchani kupanda juu, kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwa nywele za kufika shingoni. Hili si pambo. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko huuchosha. Mafuta ya nazi yana chembe ndogo zinazoingia ndani ya unywele, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakuweza kulifanya.

Asubuhi gawa kichwa sehemu 4, au 8 kama nywele ni nyingi, kila sehemu ifungwe msokoto. Kutoka hapo fanya kazi kwenye sehemu moja tu, nyingine zikae zimefungwa. Lowesha. Shampuu ni ya ngozi ya kichwa: tia kidogo kiganjani, changanya na maji, sugua kwa nyama ya vidole, kucha zisiguse. Povu litashuka lenyewe kuosha nywele. Usizikusanye juu ya kichwa na kuzisugua pamoja kama nguo, hapo ndipo zinapofungana. Suuza.

Sasa kondishena, nyingi, hasa nchani. Subiri dakika 5 mpaka uhisi nywele zinateleza. Chambua kwa vidole kwanza. Ukikuta fundo, usilivute. Litie kondishena zaidi, lishike juu yake ili shina lisivutwe, na ulifungue unywele baada ya unywele. Vidole vikipita ndipo uingize chanuo lenye meno mapana, la mti ukiwa nalo. Anza nchani, sentimita chache, kisha panda kidogo, kisha panda tena mpaka shinani. Anayeanza shinani na kushuka hukusanya mafundo yote mahali pamoja na kuyakata. Zile zilizobaki kwenye chanuo usizihofu mara moja: kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kama hukuchana wiki nzima zitatoka kwa pamoja. Angalia urefu wake. Unywele mrefu wenye kijitone cheupe upande mmoja umetoka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kijitone ndivyo vilivyokatika, na hivyo ndivyo vya kuhesabu.

Suuza, mimina maji ya uchachu, maliza kwa maji ya mvua. Kaushia fulana kuukuu ya pamba kwa kubonyeza. Taulo ina vijinyuzi vinavyonasa mikunjo. Nywele zikiwa bado na umajimaji, paka mafuta kidogo ya kufungia na uzisokote. Mafuta juu ya nywele kavu hayaleti maji, yanazuia tu yasiingie. Maji kwanza, mafuta baadaye, kila mara.

Kisha zikae wazi mpaka zikauke. Kaa uani au darini, pepo za kusi zitamaliza kazi kwa saa chache.

Hatua ya 5: Pika mafuta yako

Nazi zipo, mbuzi ipo jikoni, na mafuta ya kupika mwenyewe unajua kilichomo. Chagua nazi 6 zilizokomaa, zile kavu zinazolia maji ndani ukizitikisa. Zivunje, zikune. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, vuruga kwa mkono, weka ndani ya kifumbu na ukamue tui la kwanza. Ongeza maji kidogo kwenye machicha, kamua tena. Changanya matui mawili ndani ya bakuli, funika, liache usiku kucha mahali penye baridi. Asubuhi utakuta mtindi mzito umepanda juu na maji yamebaki chini. Engua ule mtindi kwa kijiko kipana, maji yatupe au yanyweshe miti.

Weka mtindi kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa makaa. Usiondoke. Mwanzo utachemka na kufoka, kisha tui litakatika: mafuta yataanza kujitenga, na vipande vyeupe vitaelea. Koroga mfululizo. Sikiliza sauti. Maji yakiwa bado yamo, sufuria hupiga kelele. Kelele zikipungua na vipande vikageuka rangi ya asali, maji yamekwisha. Ondoa motoni hapo hapo. Ukingojea mpaka vipande viwe vyeusi, mafuta yatanuka moshi na hutayapenda kichwani. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, yakipoa yatie kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa huyafanya yachache. Mashapo yaliyobaki usiyatupe, watoto watayagombania kwa sukari.

Ukitaka harufu, tia asumini au mrehani ulionyaushwa siku nzima kivulini, mafuta yakiwa ya moto wa kuvumilika kidole. Maua mabichi yana maji, na maji ndiyo adui wa chupa yako.

Mafuta ya ufuta ni mazuri pia, mazito kidogo, na ufuta hulimwa huku kwetu barani. Ya mbarika ni mazito sana: changanya sehemu moja kwa tatu za nazi, tumia nchani na kwenye mapanja. Yanafungia maji vizuri. Usiyanunue kwa ahadi ya kuotesha nywele. Mafuta mgando yanafaa nchani wakati wa upepo mkali tu, maana hayatoki bila shampuu.

Hatua ya 6: Suka, funika, lala

Msuko mzuri huzipumzisha nywele. Msuko uliokazwa huzing'oa, na hilo huanzia kwenye mapanja na juu ya paji. Ukimaliza kusukwa na ukashindwa kuinua nyusi, au usiku ukatafuta upande wa kulalia, au vikatoka vipele vyeupe mstarini, msuko huo umekazwa na ufumuliwe leo. Kumeza dawa ya maumivu ili uuvumilie ni kujidhuru. Shina linalovutwa mwaka baada ya mwaka hufa likaacha kovu, na penye kovu hapaoti tena. Mwambie msusi wako, "Dada, legeza hapo mbele." Msusi anayejua kazi hatakasirika.

Hapa kwetu wengi hawaungi nywele kwa sababu ya dini, na kwa afya ya shina hilo limetusaidia: uzito unaoning'inia ni wa nywele zako mwenyewe. Matuta makubwa, mabutu na misokoto inatosha. Kusuka nyuzi ndiko ninakokupenda zaidi, kwa sababu uzi hunyoosha nywele bila moto, na baada ya siku tatu nne ukifumua unapata urefu wako wote. Tumia uzi wa pamba usiokwaruza, anza kuzungusha kwa ulegevu sentimita moja juu ya ngozi, kisha endelea sawasawa mpaka nchani. Matuta yakae wiki 2, misokoto midogo yaweza kufika 4. Zaidi ya 6, nywele zilizotoka hufungana na zilizobaki na utazikata ukifumua.

Wengine hawasuki kwa kuogopa josho. Katika hadithi ya Ummu Salama, aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama afumue nywele zake alizozisuka kwa josho la janaba, jibu lilikuwa kwamba inamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Basi suka kwa raha. Baada ya kuoga, bonyeza maji yatoke kwa fulana.

Sasa mtandio. Mtandio wenyewe haukati nywele. Kinachokata ni kufunga nywele mbichi, kitambaa kinachokwaruza na kukaza mahali pamoja. Nywele mbichi zikifungiwa kwenye joto la Lamu zinavunda, ngozi inawasha, na mba unapata makao. Usitoke mpaka zikauke. Ndani vaa kofia au kitambaa cha satini. Fundo la nywele leo liwe chini, kesho pembeni, keshokutwa uziache misokoto bila fundo. Mpira mwembamba wa kufungia uache kabisa, tumia ukanda wa kitambaa. Kofia ya ndani yenye kubana mapanja ibadilishe. Na ukifika nyumbani, vua, kichwa kipate hewa.

Kulala ni satini tena, kofia au foronya. Pamba hunyonya mafuta uliyoyapaka.

Udi, hina na piko

Kufukiza nywele udi ni sunna ya nyumba zetu na sioni sababu ya kuiacha. Nywele ziwe zimekauka, mafuta yawe kidogo, chetezo kiwe mbali kiasi cha mkono mmoja na kaa lisiwe na ndimi za moto. Moshi ndio unaotaka, joto hulitaki.

Hina ya majani hupaka unywele rangi ya wekundu wa kahawia na kuupa uzito, lakini hukausha, kwa hiyo siku hiyo kondishena iwe maradufu. Piko ni kitu kingine. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache ina kemikali ya rangi za nywele, PPD, na kuna wanaoungua nayo malengelenge. Mwili ukishaikataa mara moja utaikataa maisha yako yote, hata ndani ya rangi ya nywele ya dukani. Bibi harusi anayetaka maua meusi mikononi na rangi kichwani ajue anachochezea. Hina ya kweli haiwi nyeusi kwa robo saa.

Baharini na chomboni

Kabla ya kuingia majini Shela, lowesha nywele kwa maji matamu na upake mafuta. Unywele ulioshiba maji matamu hunywa chumvi kidogo. Ukitoka suuza siku hiyohiyo. Safari ya boti kwenda Matondoni au Kizingitini, suka na ufunge satini, upepo hufunga mafundo kuliko kitanda.

Watoto wetu

Mama mmoja alinikalishia bintiye wa miaka sita barazani akaniambia, "Huyu nywele zake mbaya, mkaze tu zilale." Mtoto alikuwa anasikia. Nilimpaka maji na kondishena, nikampa chanuo mkononi achambue kishungi chake cha mbele mwenyewe, naye akachambua mpaka mwisho bila kulia. Kichwa cha mtoto hakihitaji zaidi ya hayo: maji, utelezi, mabutu makubwa malegevu, na maneno mazuri yanayosemwa juu ya kichwa chake akiwa amekaa kati ya magoti yako. Usimtie dawa. Usimsuke nywele za mbele zilizo laini bado.

Mapunye ni jambo jingine. Ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika, mpeleke hospitali. Ugonjwa huo umo ndani ya shina, dawa ya kupaka peke yake haiufikii, na kwa kawaida mtoto hupewa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Machanuo na kofia zake zitengwe na kuoshwa kwa maji ya moto.

Wakati wa kumwona daktari

Mama aliyejifungua asishtuke nywele zikitoka kwa wingi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Ni zile zilizoshikiliwa wakati wa mimba, na kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka. Zisiporudi, au kama una kizunguzungu na uchovu, omba upimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma humwaga nywele pia.

Usisubiri kama utosi unapungua kuanzia katikati kwenda nje, ngozi inauma au inachoma, au umeona mahali panapong'aa pasipo na vishimo vya nywele. Upara wa utosini wa namna hiyo huwapata sana wanawake weusi, huacha kovu, na kinachookolewa ni zile nywele ambazo bado zipo. Nenda hospitali ya King Fahd uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Nenda ukiwa umefumua, bila mafuta kichwani, na ubebe kila chupa na kopo unalotumia, pamoja na ile isiyo na kibandiko uliyouziwa kwa kikombe.